Sheria za Mchezo na Usalama wa Wachezaji: Jinsi ya Kujadili kwa Vipimo

Utangulizi

Kila mwaka shule za sekondari za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, huteua wachezaji wa kushiriki mashindano ya UMISSETA, ambayo huanzia shuleni na kupanda hadi ngazi ya wilaya, mkoa na taifa. Wachezaji hao hufanya mazoezi katika viwanja ambavyo vingi havina majani ya kutosha, na katika miezi ya kiangazi udongo wake hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Vijana wawili warukapo kuuwania mpira wa juu na vichwa vyao vikagongana, mara nyingi hufuata desturi inayojulikana kote nchini. Aliyeanguka humwagiwa maji, huinuliwa, na huulizwa kama anaweza kuendelea. Naye, kwa kuchelea kuitwa mwoga, hujibu kuwa anaweza.

Je, desturi hiyo ibadilishwe? Je, iwepo sheria ya kumzuia mchezaji aliyeumia kichwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata akitaka mwenyewe? Wapo watakaosema kuwa sheria ya namna hiyo itaharibu mchezo, na wapo watakaosema kuwa imechelewa. Mjadala wa aina hii ukiendeshwa kwa sauti tu, mwenye sauti kubwa ndiye hushinda. Makala haya yanaeleza jinsi mjadala huo unavyoweza kuendeshwa kisayansi, yaani kwa kupima nguvu zinazohusika, kuhesabu majeraha, na kulinganisha mahali penye sheria na mahali pasipo na sheria.

Mchezo ambao umejadili suala hili kwa miaka mingi na kwa takwimu nyingi ni hoki ya barafuni. Ingawa mchezo huo haujulikani sana Afrika Mashariki, mambo yaliyojifunzwa humo yanahusu kila uwanja ambapo watu hugongana.

Hoki ya barafuni ni mchezo gani?

Hoki ya kawaida, yaani mpira wa magongo uchezwao juu ya majani, si ngeni nchini. Timu ya wanaume ya Tanzania ilishiriki mchezo huo katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hoki ya barafuni ni ndugu wa mchezo huo, lakini huchezwa juu ya sakafu ya barafu yenye urefu wa meta 60 hivi, iliyozungushiwa ukuta wa mbao au plastiki ngumu. Kila upande huwa na wachezaji sita, pamoja na mlinda mlango. Wachezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini yake, na badala ya mpira wa mviringo hupiga kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Katika Afrika Mashariki, uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005 katika hoteli ya Panari mjini Nairobi, na humo ndimo ilimoanzia timu ya Kenya iitwayo Ice Lions.

Katika mchezo huo sheria huwaruhusu wachezaji watu wazima kumkumba kwa mwili mpinzani mwenye kisahani ili kumpokonya. Msuguano kati ya chuma na barafu ni mdogo sana. Kwa hiyo mchezaji hupata mwendo mkubwa na hawezi kusimama ghafla. Mwendo mkubwa, ukuta mgumu na ruhusa ya kukumbana: hapo ndipo ilipo asili ya mjadala.

Fizikia ya mgongano

Kitu chochote kiendacho huwa na nishati mwendo. Kiasi chake ni nusu ya tungamo la kitu hicho likizidishwa kwa mraba wa mwendo wake. Mwanafunzi mwenye kilo 60 anayekimbia meta 6 kwa sekunde huwa na nishati ya jouli 1,080:

½ × 60 × 6 × 6 = 1,080

Akipunguza mwendo hadi meta 3 kwa sekunde, nishati yake huwa jouli 270 tu. Mwendo umepungua kwa nusu, lakini nishati imebaki robo. Mchezaji wa hoki mwenye kilo 90 akienda meta 10 kwa sekunde huwa na jouli 4,500. Kwa kipimo kingine, kugonga ukuta kwa mwendo wa meta 6 kwa sekunde ni sawa na kuanguka chini kutoka kimo cha meta 1.8, na kuugonga kwa mwendo wa meta 10 kwa sekunde ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha meta 5.

Jambo la pili la kuzingatia ni muda wa kusimama. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hivi. Kikisimamishwa kutoka mwendo wa meta 6 kwa sekunde kwa muda wa sehemu moja ya mia ya sekunde, kani ya wastani inayokipata ni nyutoni 2,700. Kani hiyo hupatikana kwa kuzidisha tungamo kwa badiliko la mwendo, kisha kugawanya kwa muda. Muda huo ukirefushwa mara tatu, kani hupungua hadi nyutoni 900. Hii ndiyo kazi ya kofia ngumu yenye sponji ndani. Haiondoi pigo, bali huchelewesha kusimama kwa kichwa na hutawanya kani mahali papana zaidi, na hivyo fuvu huokoka lisipasuke.

Hata hivyo, ubongo haukukazwa ndani ya fuvu kama kokwa ya embe ndani ya nyama yake. Ni kitu laini kinachoelea katika ugiligili. Kichwa kikisimama ghafla au kikizunguka ghafla, ubongo huendelea na mwendo wake kwa kitambo kifupi, ukavutika na kujipinda, na kazi ya seli zake ikavurugika. Hali hiyo huitwa mtikisiko wa ubongo. Kofia yaweza kulinda mfupa, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani yake. Ndiyo sababu vifaa peke yake havikumaliza mjadala wa usalama, na sheria zikalazimika kuguswa.

Dalili za mtikisiko wa ubongo

Ni kosa kudhani kuwa aliyepata mtikisiko wa ubongo sharti azimie. Wengi hawazimii. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu au kuona vitu viwili viwili, kuyumba, kujibu polepole, na kusahau mambo yaliyotokea punde tu, kama vile matokeo ya mchezo au jina la timu pinzani. Baadhi ya dalili hujitokeza baada ya saa kadhaa. Mchezaji atapikaye mara kwa mara, apatwaye na degedege, asiyeamshika usingizini, adhoofikaye mkono au mguu, au aumwaye kichwa kwa kuzidi, sharti apelekwe hospitali bila kukawia. Mwenye maumivu ya shingo asiinuliwe kwa kuvutwa mikono; alazwe pale pale, kichwa na shingo zikitulizwa, mpaka msaada ufike.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni pigo la pili. Ubongo ambao haujapona hushindwa kustahimili pigo jingine, hata likiwa dogo. Kwa vijana imewahi kutokea, ingawa ni nadra, kwamba pigo la pili lilifuatwa na uvimbe wa ghafla wa ubongo na kifo. Aidha, mtikisiko hupunguza uwezo wa kukumbuka na kuzingatia mambo kwa siku au majuma kadhaa. Mchezaji wa shule ni mwanafunzi pia. Anayecheza mwezi huu aweza kukabiliwa na mtihani wa kidato cha nne mwaka huo huo, na kichwa anachokipigania mpira ndicho atakachokitumia katika chumba cha mtihani.

Mwezi Novemba 2001 wataalamu walikutana Vienna, nchini Austria, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu mtikisiko wa ubongo michezoni. Mkutano huo uliandaliwa na shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni, pamoja na FIFA na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Ushauri wake ulikuwa wazi: mchezaji mwenye dalili za mtikisiko asirudi katika mchezo au mazoezi hayo. Mikutano iliyofuata imeutilia nguvu ushauri huo. Kwa hiyo swali la viwanja vya Handeni na Korogwe ni lile lile lililowakutanisha watu wa barafu na watu wa kandanda mezani pamoja.

Historia ya mjadala barafuni

Mabadiliko ya usalama katika hoki ya barafuni hayakupokelewa kwa urahisi. Tarehe 1 Novemba 1959, mlinda mlango Jacques Plante wa timu ya Montreal alipigwa usoni na kisahani katika mchezo uliofanyika New York. Alishonwa, kisha akakataa kurudi mchezoni bila kinyago. Kocha wake hakupenda kinyago, lakini ilimbidi akubali. Baada ya muda, kinyago kikawa vazi la kawaida la walinda mlango.

Mwezi Januari 1968, mchezaji Bill Masterton wa timu ya Minnesota alianguka akagonga kichwa kwenye barafu, na akafariki dunia baada ya siku mbili. Hakuwa amevaa kofia. Ilipita miaka 11 kabla ya ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini kuwalazimisha wachezaji wapya kuvaa kofia, mwaka 1979. Waliokwisha kuingia katika ligi waliruhusiwa kuendelea bila kofia, na wa mwisho wao alistaafu mwaka 1997. Hoja zilizotolewa kupinga kofia zilikuwa kwamba inazuia kuona, inaleta joto, na inamwonyesha mchezaji kuwa mwoga. Hoja ya mwisho haina uhusiano na fizikia wala tiba. Ni hoja ya heshima. Katika mjadala wa kisayansi ni vema hoja za aina hiyo zitambuliwe na kutengwa na hoja zinazoweza kupimwa.

Kulinganisha mikoa miwili ya Kanada

Mjadala mkali zaidi ulihusu watoto wa umri wa miaka 11 na 12. Je, waruhusiwe kukumbana? Upande mmoja ulisema kuwa kukumbana kunaumiza watoto. Upande wa pili ulisema kuwa mtoto asipojifunza mapema ataumia zaidi akubalehepo na kukutana na wenye nguvu. Pande zote mbili zilikuwa na hoja zenye mantiki, na mantiki peke yake haikuweza kuamua.

Ilitokea kwamba mkoa wa Alberta uliruhusu watoto wa umri huo kukumbana, na mkoa wa Quebec haukuruhusu. Watafiti wakaitumia nafasi hiyo. Katika msimu wa 2007–2008 walifuatilia wachezaji 1,108 wa Alberta na 1,046 wa Quebec, wakaandika kila jeraha na kila saa ya kucheza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa haya:

Alberta (kukumbana kunaruhusiwa): majeraha 241, kati yake mitikisiko ya ubongo 78, katika saa 85,077 za kucheza.

Quebec (kukumbana hakuruhusiwi): majeraha 91, kati yake mitikisiko ya ubongo 23, katika saa 82,099 za kucheza.

Msomaji aangalie kwa nini saa zimehesabiwa. Idadi ya majeraha peke yake haitoshi, kwani timu ichezayo mara nyingi itapata majeraha mengi hata kama mchezo wake ni salama. Kwa kugawanya majeraha kwa saa na kuzidisha kwa 1,000, Alberta hupata majeraha 2.8 na Quebec 1.1 kwa kila saa elfu moja. Hatari ya Alberta ilikuwa kubwa kuliko ya Quebec kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Katika michezo ya mashindano peke yake, mazoezi yakiwekwa kando, tofauti ilizidi mara tatu.

Hoja ya upande wa pili nayo ilipimwa. Watafiti waliwafuatilia wachezaji wa umri wa miaka 13 na 14, wakati ambapo mikoa yote miwili iliruhusu kukumbana. Ilionekana kuwa waliojifunza mapema hawakuwa na nafuu katika jumla ya majeraha wala katika mitikisiko ya ubongo, ila majeraha mazito, yaani yale ya kumweka mchezaji nje zaidi ya juma moja, yalikuwa machache kidogo kwao. Kwa hiyo hoja hiyo haikuwa ya bure, lakini faida yake ilikuwa ndogo mbele ya madhara yaliyokwisha kuonekana. Mwaka 2013 Kanada ilipiga marufuku kukumbana kwa watoto wa miaka 11 na 12 nchini kote. Utafiti uliofanywa Alberta baada ya marufuku ulionyesha kuwa majeraha ya umri huo yalipungua kwa nusu.

Njia hii ya kulinganisha makundi mawili inajulikana vema Korogwe kwenyewe. Kuanzia mwaka 2009, Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Watoto wa kundi moja walipewa chanjo hiyo, na wa kundi jingine walipewa chanjo isiyo ya malaria, kisha wagonjwa wa kila kundi wakahesabiwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto. Sheria ya mchezo yaweza kutazamwa kama chanjo: ni dhana inayopaswa kujaribiwa, kuhesabiwa faida na madhara yake, na kukubaliwa au kukataliwa kwa ushahidi.

Sheria za kandanda

Kandanda nayo imepitia njia hiyo. Mwaka 2006 waamuzi waliagizwa kumtoa kwa kadi nyekundu mchezaji ampigaye mwenzake kiwiko cha kichwa kwa makusudi. Uchunguzi wa misimu 13 ya ligi kuu ya Ujerumani ulionyesha kuwa kiwango cha majeraha ya kichwa kilipungua kwa asilimia 29 baada ya agizo hilo. Mwaka 2015 chama cha kandanda cha Marekani kilitangaza kuwakataza watoto wa miaka 10 na chini yake kupiga mpira kwa kichwa. Mwaka 2021 yalianza majaribio ya kumwingiza mchezaji wa akiba wa ziada pale mwenzake anapopata mtikisiko wa ubongo, na mwaka 2024 utaratibu huo uliingizwa katika sheria za kandanda, kila shindano likiachiwa hiari ya kuutumia.

Mapendekezo kwa viwanja vya shule

Shule za Handeni na Korogwe haziwezi kuandika upya sheria za dunia, lakini waandaaji wa mashindano ya shule waweza kukubaliana juu ya kanuni za mashindano yao. Mapendekezo matatu yafaa kujadiliwa.

La kwanza, mchezaji mwenye dalili yoyote ya mtikisiko wa ubongo atolewe na asirudi siku hiyo, na mchezaji wa akiba aingizwe bila kuhesabiwa katika idadi ya kawaida. La pili, pigo la kiwiko kichwani liadhibiwe kwa ukali katika michezo ya shule kama ilivyo katika ligi kubwa. La tatu, milingoti ya magoli, hasa ile ya chuma inayohamishika, ifungwe imara ardhini kabla ya kila mchezo. Kamba ya mkonge, ambayo malighafi yake inalimwa Korogwe kwenyewe, pamoja na vigingi vya kutosha, yaweza kuifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo.

Pendekezo la kwanza litapingwa kwa hoja mbili zenye uzito. Kwanza, timu yaweza kudanganya kwa kumtoa mchezaji mzima ili iongeze mchezaji wa akiba. Udanganyifu huo hupungua ikiwa anayetolewa hawezi kurudi siku hiyo wala kucheza kabla ya kuthibitishwa kuwa amepona, kwa kuwa timu itakuwa imejinyima mchezaji. Pili, viwanja vingi vya shule havina daktari. Hoja hii ni ya kweli, lakini inaelekea upande mwingine. Palipo na daktari, mchezaji aweza kuchunguzwa. Pasipo na daktari, na hospitali kama ile ya Magunga mjini Korogwe ikiwa mbali na kijiji, njia salama ni kumtoa kila mwenye dalili. Uamuzi huo usiachwe mikononi mwa mchezaji wala kocha, maana wote wawili wanautaka ushindi. Mwalimu mmoja asiye wa timu yoyote apewe mamlaka hayo kabla mchezo haujaanza.

Hitimisho

Mabadiliko ya sheria hayamalizi kazi siku yanapotangazwa. Yanahitaji daftari. Shule ikiandika kwa kila mchezo tarehe, muda uliochezwa, idadi ya wachezaji, jeraha lililotokea, sehemu ya mwili na chanzo chake, baada ya misimu michache itakuwa na ushahidi wake yenyewe. Shule moja peke yake itakuwa na hesabu ndogo, na katika hesabu ndogo bahati hutawala. Shule nyingi za wilaya mbili zikiunganisha madaftari yao, bahati hupungua nguvu na ukweli huanza kuonekana. Hapo walimu wa Handeni na Korogwe watakaa kujadili wakiwa na namba mezani, na mwanafunzi aliyeanguka uwanjani hataulizwa tena kama ana ushujaa wa kuendelea.

Maswali na mazoezi

1. Kwa kutumia takwimu za Alberta na Quebec, kokotoa idadi ya mitikisiko ya ubongo kwa kila saa elfu moja za kucheza katika kila mkoa. Hatari ya Alberta ni mara ngapi ya ile ya Quebec?

2. Mchezo wa kandanda una wachezaji 22 na huchukua dakika 90. Ni saa ngapi za kucheza zinapatikana katika michezo 20?

3. Mwanafunzi wa kilo 50 anakimbia meta 7 kwa sekunde. Kokotoa nishati mwendo yake. Itakuwa kiasi gani akipunguza mwendo hadi meta 3.5 kwa sekunde?

4. Alberta na Quebec ni mikoa miwili tofauti. Taja mambo mengine, mbali na sheria ya kukumbana, yanayoweza kuleta tofauti ya majeraha kati yao. Mtafiti afanyeje ili mambo hayo yasimpotoshe?

5. Mjadala wa darasa: “Mchezaji aliyeumia kichwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata kama ni fainali.” Kila upande uandike hoja zake, kisha darasa litenge hoja zinazoweza kupimwa na zile zisizopimika.

6. Tengenezeni daftari la majeraha la shule yenu na mlitumie kwa muhula mmoja. Mwishoni mwa muhula, andikeni ripoti ya ukurasa mmoja na kuiwasilisha kwa mwalimu wa michezo.